William Henry Lewis, mtoto wa mchungaji aliyeingia katika nyumba ya serikali

Kuna swali ambalo vijana wa makanisa yetu huuliza mara nyingi, hasa wale waliomaliza masomo na wanatafuta kazi. Mkristo akipata kiti serikalini kwa sababu mtu mkubwa amemuombea, je, atabaki mtu huru, au atakuwa mtu wa yule aliyemuombea? Hatutalijibu kwa haraka. Tumeona afadhali kusimulia maisha ya mtu mmoja wa Marekani ambaye swali hilo lilimfuata miaka mingi, na ambaye rafiki zake wenyewe walimhukumu kwa ajili yake. Jina lake ni William Henry Lewis.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 1868, huko Berkley katika jimbo la Virginia. Utumwa ulikuwa umekwisha Marekani miaka mitatu tu. Baba yake na mama yake walikuwa wamezaliwa watumwa. Baba yake, Ashley Lewis, alikuwa mchungaji wa Kibatisti, na alitaka sana mtoto wake asome. Wale wanaojua historia ya Injili katika Congo watakumbuka jina la William Sheppard, mmisionari mweusi wa Kipresbiteri aliyefika kwetu mwaka wa 1890 na kufanya kazi katika Kasai. Sheppard naye alitoka Virginia, na alimzidi Lewis miaka mitatu tu. Walikuwa kizazi kimoja: watoto wa kwanza kukua nje ya utumwa, wanaosoma kwa njaa ya wazazi ambao walikatazwa kusoma.

Akiwa na miaka 15 hivi, Lewis aliingia shule mpya ya watu weusi katika mji wa Petersburg, ambayo leo ni chuo kikuu cha jimbo la Virginia. Mkuu wa shule hiyo alikuwa John Mercer Langston, mwanasheria mweusi ambaye baadaye alichaguliwa kuingia bunge la Marekani. Langston aliona akili ya kijana huyu na kumsaidia kwenda kaskazini, katika chuo cha Amherst, jimbo la Massachusetts. Basi, tangu mwanzo, Lewis alipanda kwa kushikwa mkono. Tusilisahau jambo hilo tutakapofika mbele.

Katika Amherst alilipia masomo kwa kufanya kazi ndogo ndogo, pamoja na kuhudumia wenzake mezani. Alikuwa msemaji hodari, na mwaka wa 1892 wanafunzi wenzake walimchagua kutoa hotuba ya darasa lao siku ya kumaliza. Weusi waliomaliza siku hiyo walikuwa watatu: Lewis, William Jackson na George Washington Forbes. Tunaomba msomaji alishike jina la Forbes, kwa maana atarudi.

Huko Amherst ndiko Lewis alipojifunza mpira. Si mpira wa miguu tunaocheza sisi. Ni mpira wa Kimarekani, wenye umbo la yai, ambao hubebwa mikononi, na timu mbili hugongana mstari kwa mstari, watu 11 kila upande. Wakati ule hapakuwa na kofia ngumu wala mavazi ya kulinda mabega kama leo. Watu walivunjika mbavu na meno, na kila mwaka wengine walikufa uwanjani. Lewis alicheza katikati ya mstari, mahali pa yule anayeurudisha mpira nyuma ili mchezo uanze, kisha anapokea uzito wote wa adui kifuani. Yeye mwenyewe hakuwa mtu mkubwa sana. Alipungua kilo 80, na mara nyingi aliyesimama mbele yake alikuwa mzito kuliko yeye. Alishinda kwa wepesi na kwa kufikiri. Mwaka wake wa mwisho Amherst walimfanya kapiteni wa timu.

Kutoka hapo akaenda Harvard kusoma sheria, na kanuni za siku zile zilimruhusu kuendelea kucheza. Alikuwamo katika timu ya Harvard iliyoishangaza nchi mwishoni mwa 1892 ilipopambana na Yale kwa mbinu mpya: wachezaji walianza mbio kutoka pande mbili, wakakutana kama ncha ya shoka na kupasua mstari wa adui. Yale walishinda hata hivyo, na mbinu ile ilikatazwa muda mfupi baadaye kwa sababu iliumiza watu vibaya. Mwisho wa mwaka huo Lewis aliwekwa katika orodha ya wachezaji 11 bora wa vyuo vyote vya Marekani, mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Akaipata tena 1893. Katika mchezo wa mwisho wa mwaka huo kapiteni wa Harvard alikuwa ameumia, na wenzake, wazungu wote, wakamchagua Lewis awaongoze. Walishinda Pennsylvania 26 kwa 4.

Mwaka huohuo wa 1893, huyu aliyeshangiliwa na maelfu uwanjani aliingia kwa kinyozi karibu na chuo chake, na kinyozi akakataa kumnyoa kwa sababu ya rangi yake. Jambo hili laonekana dogo, lakini tunadhani linaonyesha mtu huyu alivyokuwa. Hakupigana, wala hakunyamaza. Alipeleka malalamiko, akatafuta watu wa kumuunga mkono, na jambo likafika katika bunge la jimbo. Mwaka uleule sheria ya Massachusetts ilipanuliwa ili wenye vinyozi na mahali pengine pa watu wote wasiweze kumfukuza mtu kwa rangi. Wanasheria wetu vijana wanaosoma habari hii watatambua njia hiyo: kuchukua kosa alilotendewa mtu mmoja na kulifanya kuwa kifungu cha sheria.

Alipomaliza sheria mwaka wa 1895 alibaki Harvard kama mwalimu wa mpira, akaandika kitabu cha kufundisha mchezo huo, na kwa zaidi ya miaka kumi timu zilizofundishwa naye zilikuwa ngumu kupenywa. Mchana alikuwa wakili Boston, jioni alikuwa uwanjani. Mwaka wa 1896 alimwoa Elizabeth Baker wa Cambridge. Akachaguliwa katika baraza la mji wa Cambridge, kisha katika bunge la jimbo, ambako alikaa mwaka mmoja tu na kushindwa uchaguzi uliofuata.

Hapa ndipo swali letu linapoanza.

Wakati ule mweusi mwenye nguvu kuliko wote Marekani alikuwa Booker T. Washington, mkuu wa shule ya Tuskegee katika Alabama. Yeye mwenyewe alizaliwa mtumwa. Aliwafundisha watu wake kujenga, kulima, kufanya biashara, na kutodai haraka haki ya kupiga kura na haki nyingine ambazo wazungu wa kusini waliwanyang'anya. Matajiri walimsikiliza, na Rais Theodore Roosevelt alimwuliza shauri kila alipotaka kumpa mweusi kazi ya serikali. Vijana waliosoma kaskazini walimpinga. Walisema anauza haki yao kwa bei ya vyerehani na matofali. Na mmoja wa waliompinga mapema alikuwa Lewis. Katika karamu moja Boston alimwambia Washington mbele ya watu arudi kusini afanye kazi yake ya kufundisha, na mambo ya siasa awaachie wengine.

Kisha Lewis akabadilika. Roosevelt mwenyewe alisoma Harvard na alipenda mpira sana, kwa hiyo alimjua Lewis. Wazungu wa kusini walimlaumu Rais kwamba anawapa weusi vyeo kusini tu, ili wazungu wa kaskazini wasiguswe. Roosevelt akatafuta mweusi wa kumpa cheo kaskazini. Washington, badala ya kulipiza ile aibu ya karamu, alimsifu Lewis kwa Rais. Mwanzoni mwa 1903 Lewis akateuliwa msaidizi wa mwendesha mashtaka wa serikali kuu katika Boston. Hakuna mweusi aliyewahi kushika kazi hiyo kabla yake. Kuanzia siku hiyo hakumpinga Washington tena hadharani.

Katika Boston kulikuwa na gazeti dogo kali, Guardian, lililoanzishwa mwaka wa 1901 na watu wawili. Wa kwanza alikuwa William Monroe Trotter, mtu wa Harvard vilevile. Wa pili alikuwa George Forbes, yule wa siku ya kumaliza Amherst. Gazeti hilo lilimpiga Washington kila juma, na sasa likaanza kumpiga Lewis pia. Kwao alikuwa mtu aliyenunuliwa.

Tarehe 30 mwezi wa saba, mwaka wa 1903, Washington alikuja kusema na weusi wa Boston. Mkutano ulifanywa ndani ya kanisa la Kimethodisti la AME Zion, barabara ya Columbus. Watu karibu 2000 walijaa. Aliyekaa kitini kuongoza mkutano alikuwa Lewis. Trotter na wenzake walikuja na maswali yao yameandikwa tayari. Kila jina la Washington lilipotajwa, makelele yalipanda. Mtu alirusha pilipili ya unga jukwaani, na wasemaji wakashikwa na kikohozi. Watu wakasukumana na kupigana, polisi wakaitwa ndani ya nyumba ya Mungu, na Trotter akiwa amesimama juu ya kiti akisoma maswali yake kwa sauti ambayo karibu hakuna aliyeisikia, akakamatwa. Baadaye alihukumiwa siku 30 gerezani.

Sisi tunaoishi na makanisa ambayo nayo yamewahi kuona vurugu za uongozi hatuwezi kusoma habari hii bila kuona haya. Pilipili kanisani ni pilipili kanisani, hata kama mwenye kuirusha ana haki upande wake. Lakini lazima tuseme pia jambo la pili. Maswali ya Trotter yalikuwa maswali ya kweli. Aliuliza juu ya kura, juu ya haki, juu ya sababu ya kiongozi mmoja kusema kwa niaba ya watu wote. Mwenye kuongoza mkutano angeweza kuyapa nafasi hata dakika kumi. Lewis hakuyapa. Kwa maoni yetu hilo ndilo doa kubwa katika maisha yake, na tunafikiri kazi aliyokuwa ameipata miezi michache nyuma ndiyo iliyoufunga mdomo wake. Du Bois, mwalimu aliyekuwa mpole kwa Washington mpaka wakati huo, alikasirishwa na kifungo kile, na miaka miwili baadaye aliita mkutano wa Niagara ambao ulitayarisha njia ya chama cha NAACP.

Hata hivyo tusiishie hapo. Katika Wafalme wa Kwanza sura ya 18 tunamkuta Obadia, mtumishi katika nyumba ya Ahabu, aliyeficha manabii 100 katika mapango na kuwalisha, wakati Eliya alisimama nje akipaza sauti. Wahubiri wetu humpenda Eliya, na Obadia hupitiwa haraka. Trotter alikuwa mtu wa nje. Lewis alichagua kubaki ndani. Tumpime basi kwa yale aliyoyafanya huko ndani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ofisi, isiyo na shangwe. Mwaka wa 1907 alipewa kusimamia mambo ya uraia wa wageni katika majimbo sita ya kaskazini mashariki. Ni wakati ambapo meli zilishusha watu kutoka Ulaya kwa maelfu, na wapo waliojipatia karatasi za uraia kwa hila na mashahidi wa uongo. Mtoto wa watumwa, ambaye watu wake kusini walinyimwa kura, ndiye aliyekaa mezani kuchunguza nani anastahili kuwa raia wa Marekani.

Mwishoni mwa 1910 Rais Taft alitangaza kumpandisha kuwa Msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa nchi, mjini Washington. Maseneta wa kusini walipinga kwa miezi mingi, lakini mwezi wa sita wa 1911 Seneti ilimkubali. Hakuna mweusi aliyekuwa amepewa cheo kikubwa kama hicho katika serikali ya Marekani mpaka siku hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa kuitetea serikali mbele ya mahakama wakati watu walipoidai, pamoja na wenyeji wa asili wa nchi waliodai ardhi zao. Tunalitaja hili kwa sababu halipendezi: huyu aliyejua uchungu wa kuonewa alilipwa mshahara ili kuwapinga wengine walioonewa. Ndivyo nyumba ya serikali ilivyo. Humpi mtu ufunguo wa chumba kimoja tu.

Mwaka huohuo wa 1911 alikubaliwa katika Chama cha Mawakili wa Marekani, pamoja na weusi wengine wawili, Butler Wilson wa Boston na William Morris wa Minneapolis. Viongozi wa chama hawakujua rangi yao. Walipojua, mwanzoni mwa 1912 kamati ya chama ilifuta uanachama wao, ikisema kwamba waliochaguliwa hawakujulikana ni weusi. Lewis alishauriwa ajiondoe kwa utulivu, mambo yaishe. Hapa yule kijana wa kinyozi akarudi. Alikataa kabisa kujiuzulu. Na mkubwa wake, Mwanasheria Mkuu George Wickersham, mzungu, aliandika barua kwa wanachama wote, karibu 4700, akipinga tendo la kamati. Moorfield Storey, aliyewahi kuwa rais wa chama, naye alisimama upande wao.

Mkutano mkuu ulifanyika mwezi wa nane mwaka huo, katika mji wa Milwaukee. Waliamua kwa njia ya katikati. Wale watatu walibaki wanachama, lakini tangu hapo kila atakayependekeza mtu mweusi ataje rangi yake wazi, maana yake mlango ulifungwa nyuma yao. Morris aliona hakuna heshima katika uanachama wa namna hiyo, akajiuzulu. Lewis na Wilson walibaki. Chama hicho hakikutangaza kwamba rangi si kizuizi mpaka mwaka wa 1943. Tumejadiliana sisi wenyewe nani alifanya vema, Morris aliyetoka au Lewis aliyebaki, na hatukupatana.

Mwaka wa 1913 Woodrow Wilson aliingia madarakani, na Lewis akapoteza kiti chake. Katika ofisi za serikali watumishi weusi walianza kutengwa na wazungu, kila mmoja na meza yake na choo chake. Lewis akarudi Boston kufanya kazi ya wakili, bila Rais wa kumshika mkono. Booker T. Washington alikufa mwaka wa 1915.

Mwaka huo wa 1915 kuna jambo lililotokea Boston ambalo sisi tunalihesabu kuliko vyeo vyote. Sinema mpya ya D. W. Griffith ililetwa mjini, ikiwaonyesha weusi kama wanyama na kuwasifu Ku Klux Klan waliowaua. Weusi wa Boston walijaa barabarani kuipinga. Trotter alikuwa mbele, kama kawaida yake, na polisi wakamkamata tena. Lakini safari hii Lewis hakukaa kitini akiangalia. Alikuwa miongoni mwa waliokwenda kwa wakuu wa jimbo kudai sinema ile ikatazwe, upande mmoja na Trotter, miaka 12 baada ya usiku wa pilipili. Sinema haikuzuiwa. Lakini watu wa Guardian na mtu wa Roosevelt walikuwa wamesimama mahali pamoja.

Aliendelea na kazi ya uwakili hata uzeeni, akisimamia kesi kubwa na ndogo za weusi na wazungu. Mwaka wa 1941, akiwa na miaka zaidi ya 70, alimtetea Daniel Coakley, mjumbe wa baraza la gavana, alipohukumiwa na bunge la Massachusetts. Kesi hiyo alishindwa. Alikufa Boston tarehe 1 mwezi wa kwanza, mwaka wa 1949, akiwa na miaka 80.

Miaka 60 baadaye, mwaka wa 2009, Marekani iliingiza jina lake katika nyumba ya heshima ya mpira wa vyuo. Huko ameandikwa kama mchezaji wa katikati, wa Amherst na wa Harvard.